Baiskeli Kubwa ya Mellen

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mellen alikunja mikono ya sweta yake, akaikunja tena, na bado vidole vilichungulia tu. Baba yake, Mzee Mogaka, aliinunua sweta hiyo kwa hesabu zake mwenyewe: mtoto yuko darasa la sita, sweta imfikishe la nane. Viatu navyo vilijazwa karatasi mbele. Watoto wengi wa Isebania walivaa hivyo na hawakulalamika, maana sweta kubwa haimuumizi mtu.

Shida ilianza siku Mzee Mogaka aliponunua baiskeli kwa hesabu zile zile.

Ilikuwa mwaka 1996. Mwalimu Mniko, msimamizi wa michezo, alitangaza kwamba shule ingepeleka timu ya mbio za baiskeli Homa Bay, na wasichana pia wangeruhusiwa kushindana. Mellen alizoea kubeba unga na maji kwa baiskeli ya nyumbani, na kwenye mlima aliwaacha wavulana nyuma. Aliomba baiskeli ya resi mpaka Baba akachoka kusikia.

"Nitakununulia," Baba alisema. "Lakini usipochaguliwa, naiuza. Sitaki chuma cha kupamba nyumba."

Kwa Jared, muuza baiskeli za mitumba karibu na mpaka, baiskeli za resi zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa nyekundu, fremu yake ndefu na inang'aa. Nyingine ilikuwa ya kijivu, ndogo, rangi imebanduka.

"Chukua hiyo kubwa," Baba akasema. "Utakua."

Mellen alisimama katikati ya ile nyekundu. Ilimbidi asimame kwa ncha za vidole vya miguu ili chuma cha juu kisimguse vibaya.

"Inakutosha?" Baba akauliza.

"Inanitosha kabisa, Baba."

Alijibu haraka kabla Baba hajaghairi safari nzima. Isitoshe, angeipanda vipi ile ya kijivu mbele ya Cliff, jirani yao na mwanafunzi mwenzake, ambaye kucheka watu ilikuwa kazi yake ya kila siku?

Mateso yakaanza. Mazoezi yalifanyika Jumapili na jioni baada ya masomo, kwenye barabara ya kuelekea Migori. Ili kufikia usukani, Mellen alilazimika kujinyoosha mpaka mabega yakawaka moto. Vidole vilikufa ganzi. Kiti kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho, lakini kila alipokanyaga pedali ilimbidi aegemee upande huu, kisha upande ule. Mlimani, pale alipozoea kutamba, sasa alibaki wa mwisho, akihema kwa hasira.

"Mellen!" Cliff alimpigia kelele akimpita. "Ni wewe unaendesha hiyo baiskeli, ama ndiyo inakuendesha?"

Mwalimu Mniko naye alitikisa kichwa. "Msichana, una nini? Huu mlima si ulikuwa wako?"

"Mazoezi hayatoshi, Mwalimu."

"Basi ongeza."

Aliongeza, na maumivu nayo yakaongezeka. Siku moja aliishusha baiskeli kando ya barabara, akaipiga teke, akaumia kidole, akalia kwa uchungu na kwa ghadhabu. Uchaguzi wa timu ulikuwa Jumapili iliyofuata, na alijua kabisa kwamba hatachaguliwa. Lakini angesemaje kwamba haimfai, naye mwenyewe alisema inamtosha?

Mama yake, Nyakerario, alikuwa fundi wa nguo sokoni. Jioni hiyo alikuwa akimpima gauni jipya la kanisa. Alipouinua mkono wa Mellen, Mellen akapiga ukelele.

"Hayo mabega yamefanya nini?"

"Nililala vibaya, Mama."

"Juzi pia ulilala vibaya. Lete hiyo baiskeli hapa."

Mama aliegemeza baiskeli ukutani, akamwambia apande, akasimama na futi yake shingoni. Alitazama mikono iliyonyooka mpaka mwisho na mgongo uliovutika.

"Nani alikupima hii kitu?"

"Hakuna, Mama. Baba alisema nitakua."

Baba alikuwa mlangoni, na hakufurahi. "Kwani kuna ubaya gani? Si hata wewe unaacha pindo?"

"Naacha pindo, ndiyo," Mama akasema. "Mtoto akirefuka, nalishusha. Lakini mabega nayakata kwa mwili wa leo. Nikikosea mabega, hakuna pindo litakaloliokoa hilo gauni. Kiti cha baiskeli ni pindo, baba Mellen. Kinapanda, kinashuka. Hii fremu ndiyo mabega, na huwezi kuipunguza."

Baba akamgeukia Mellen. "Na si nilikuuliza?"

"Uliniuliza," Mellen akasema, machozi yakimtoka. "Nilidanganya. Niliogopa ungeghairi. Na ile ya kijivu ilikuwa mbaya, Cliff angenicheka."

Baba alinuna jioni nzima. Kesho yake hata hivyo aliisukuma ile nyekundu mpaka kwa Jared, Mellen akimfuata nyuma. Jared alilalamika kwamba imekwaruzwa, wakabishana, mwishowe akakubali kubadilisha. Ya kijivu bado ilikuwa pale, hakuna aliyeitaka.

Mellen alisimama katikati yake. Visigino viligusa ardhi na nafasi ikabaki chini ya chuma. Baba akamshikilia apande. Mikono ilifika kwenye usukani, viwiko vimekunjika kidogo.

"Inakuuma wapi?" Baba akauliza. "Na usinidanganye."

"Magoti, kidogo. Yanakunjika sana."

Jared akachukua spana, akainua kiti. Mellen akazunguka uwanja, akarudi akicheka peke yake.

Jumapili, Cliff alicheka ile rangi mpaka walipofika mlimani. Hapo Mellen akampita, na kicheko kikaisha. Alimaliza wa tatu, na Mwalimu Mniko akasoma jina lake miongoni mwa watakaokwenda Homa Bay.

Baba alimngoja pembeni, uso umelegea.

"Nilimnunulia baiskeli yule Mellen atakayekuja," alisema, "nikamsahau huyu niliye naye. Hilo ni kosa langu. La kwako ni kuninyamazia. Kitu kikikuuma, sema siku hiyo hiyo. Nitakasirika, lakini nitasikia."

Muhula uliofuata ile sweta ilikuwa imechanika, wakaenda kununua nyingine. Mwenye duka alishusha kubwa, kama kawaida ya Mzee Mogaka. Baba aliipokea, akamtazama binti yake, akairudisha juu ya meza.

"Mellen," akasema, "nyoosha mikono tuone."