Mkasi Alivyolipunguza Pindo Bomba la Samaki

Jamani, bomba la tangi la samaki lilikuwa linakoroma, na hakuna mtu aliyetia mkono majini!

Tangi lenyewe lilikaa sebuleni kwa fundi cherehani mmoja, mtaani wanamwita Mkasi, maana mwanamume yule hakuna asichokikata. Alijitengenezea mwenyewe. Ndani kasimamisha bomba la plastiki, mdomo juu. Maji yakizidi yanaingia mdomoni, yanashuka kwenye ndoo ndani ya kabati, pampu inayarudisha. Ukitia mkono, maji yanapanda, bomba linakoroma koro-koro-koro. Ukitoa, kimya. Basi.

Sasa mchana huo linakoroma lenyewe, na samaki wote wamejibana pembe moja kama watu waliompisha mkwe.

"Mume wangu, mbona kama kuna mtu anaoga humo?" mkewe akanong'ona, mkono tumboni. Mimba mbili zilishatoka. Hii ndiyo iliyoshika, na Mkasi hakuwa na habari nyingine ya kuwapa watu.

"Anaoga nani, chura?" Mkasi akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Bomba refu tu hilo. Nitalipunguza pindo."

"Liache. Hata harufu siipendi. Kama nywele mbichi."

"Zako hizo!"

Ah, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mkasi akashika msumeno, akakata bomba urefu wa kiganja kizima, akalivisha kiungo kilichopinda kama kiwiko, mdomo ukazama. Maji yakashuka. Kimya! Samaki wakatawanyika tangi zima.

"Umeona? Hata wao wameshukuru!"

"Nina kiu," mkewe akasema.

Akanywa kikombe, akanywa jagi, akaenda kuinamia ndoo ya jikoni akanywa humo humo, na ile harufu ya nywele mbichi ikahama kwenye tangi ikaingia kwenye nguo zake, kwenye mto wake, kwenye pumzi yake. Alipopita mbele ya tangi, samaki wote wakakimbilia pembeni wakajibana.

Mkasi hakucheka tena. Kesho yake akamwita mganga, bibi mmoja mnene, mcheshi, aliyeingia na utani wake tangu mlangoni. Alipoweka sikio kwenye tumbo la yule mwanamke, utani ukamkauka. Koro-koro-koro.

"Nani alikata bomba?" akauliza polepole.

"Mimi, bibi."

"Mjukuu wangu, lilipokuwa likikoroma alikuwamo jini wa maji anaoga. Hana ubaya na mtu. Umemshushia maji, naye akatafuta maji mengine ya kumtosha."

"Mtoe basi, bibi!"

"Kutoka atatoka. Ila hawa hawatokagi mikono mitupu." Akaokota viatu vyake, akavivalia nje.

Mkasi hata hakulisikia vizuri neno lile, kakimbilia gundi, kaking'oa kile kiwiko, kakirudisha kipande alichokikata, kajaza tangi mpaka ukingoni, huku mdomo hauishi kubembeleza, "Rudi kwako, nimekosa, rudi," kisha akapiga magoti kwa mkewe, akalaza sikio tumboni, na hapo ndipo neno la bibi lilipomshukia, akaelewa amemwita nani na atakuja na nini, na yeye aliyeshindwa kuvumilia kukoroma kwa bomba akawa anaomba tumbo lile likorome, likorome tu, lisinyamaze, koro-koro, koro-koro, asithubutu kuinuka hata kwenda kuushika tena msumeno.

"Mume wangu," mkewe akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kumetulia. Sisikii tena kitu."

Kweli. Tumbo kimya. Hata teke hakuna.

Samaki wakajibana pembeni. Bomba likaanza kukoroma, koro-koro-koro, zito kama zamani. Na nyuma yake, sauti nyembamba, kama ya kitoto kinachojifunza kuoga: koro.