Karatasi ya Pili

"Mzinga kwa Nyuki. Lori la kwanza limevuka daraja. Una dakika kumi na moja."

"Nimesikia."

Nyuki alitupa redio ya Motorola kwenye kiti na kukanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka. Kioo kilimwonyesha pikipiki mbili zikimkaribia kwa fujo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linachoma, na wanaume wawili wenye bastola walikuwa wanamfukuza mwanamke mmoja kwenye barabara ya kwenda jaani.

Alifunga breki.

Pikipiki ya kwanza ilijibamiza nyuma ya gari. Ya pili ilikwepa, ikaishia mtaroni. Mmoja alianza kutukana, kwa hiyo alikuwa hai. Nyuki hakusubiri kusikia tusi la pili.

Malori yalikuwa saba. Hati zilisema rangi ya nyumba. Mapipa yake yalibeba sumu ya viwandani iliyokataliwa ilikotoka, na dalali mgeni ambaye kila mtu alimwita Suti alikuwa ameipatia kaburi: shimo jipya, lililokaguliwa na kupigwa mihuri yote.

Kanuni ya shimo la namna hiyo haina mzaha. Chini kabisa mita nzima ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Juu yake karatasi ya plastiki nene, kisha wavu wenye bomba la kunasa uvujaji, kisha karatasi nyingine. Ya juu ikitoboka, ya chini inadaka. Bila ya chini, sumu inashuka mlimani mpaka visima vya mtaa wa bondeni, na ikishamwagwa hakuna atakayeizoa.

Mama yake Nyuki aliishi bondeni.

Kanuni hiyo iliandikwa na mhandisi mkuu wa jaa. Muhuri wa shimo jipya ulikuwa wake pia. Huyo ndiye mjomba aliyemlipia Nyuki shule, mdogo wa mama yake, kipenzi cha ukoo mzima. Kila alipolikumbuka hilo, Nyuki alisikia uchungu mpaka kwenye meno.

Alivunja kizuizi cha geti kwa bampa, akachomeka redio kiunoni, akaruka nje ukingoni mwa shimo. Mjomba alikuwa kivulini, kofia ya kazi mkononi. Suti alikuwa kando yake.

"Shikamoo, mjomba," alisema Nyuki, bastola yake ya Glock ikiwa mkononi.

"Marahaba, mpwa wangu." Sauti ilikuwa imemkauka. "Umekuja kukagua? Sampuli zinakatwa hapa pembeni."

"Najua. Miaka yote zinakatwa hapo."

Wakaguzi hawakupenda kuchafua viatu. Walikata kipande pembeni, karibu na barabara, wakanywa soda, wakasaini. Mjomba mwenyewe ndiye aliyewazoesha.

Nyuki aliteleza hadi katikati ya shimo.

Kisu. Mkato wa kiganja kimoja. Akapenyeza kamera nyembamba kama penseli.

"Mzinga, mnaona?"

"Tunaona karatasi moja. Wavu hakuna."

"Udongo?"

"Mchanga mtupu."

"Fungeni barabara. Shikeni yote saba."

"Sita tunayo. La kwanza limeshatupita."

Aliinua macho. Lori lilikuwa linarudi kinyumenyume ukingoni, juu ya kichwa chake.

"Mwaga!" alifoka Suti.

Dereva alichungulia chini. "Bosi, kuna mtu humo. Mimi simwagi juu ya mtu."

Suti alimwelekezea bastola shingoni.

Glock ilibweka mara moja. Suti alikaa chini, akishika bega, na suti yake ya bei mbaya ikaanza kulowa. Dereva alivuta breki ya mkono, akashuka, akatapika kando ya gurudumu.

Nyuki alipanda juu taratibu. Mjomba hakuwa amekimbia. Akamfunga pingu.

"Na shimo la mwaka jana?" aliuliza.

"Hivyo hivyo."

"Ndiyo maana siku hizi kwako mnanunua maji ya chupa. Wewe, uliyekuwa ukitutambia kisima chako."

Mjomba aliinamisha kichwa.

"Na dada yako je?"

"Ningemwambia, angeuliza sababu."

Nyuki alitamani kumpiga. Akapiga simu.

"Mama, usinywe tena maji ya kisima. Wala usipikie. Waambie na majirani."

"Yana nini tena, mwanangu? Mjomba wako kayapima mwenyewe juzijuzi. Kaniambia ninywe bila wasiwasi."

Nyuki aliusogeza mdomo mbali na simu mpaka pumzi yake ilipotulia. "Nakuja, Mama."

Redio ilikoroma. "Kazi nzuri, Nyuki. Shimo jipya limeokoka."

"La zamani?"

"Litaundiwa kamati."

Aliizima.

"Mpwa wangu," alisema mjomba, midomo imepasuka kwa jua. "Nipe maji, tafadhali."

Nyuki alichukua chupa garini. Alikuwa ameijaza alfajiri kwenye kisima cha mama yake, aipeleke maabara. Akafungua kifuniko, akamsogezea hadi mdomoni.

"Ya kwa dada yako."

Mjomba aliyatazama maji. Yalikuwa maangavu kabisa. Akafumba mdomo, akageuza uso pembeni.

Nyuki aliifunga chupa vizuri, akavaa miwani yake ya jua. Hakukimbia. Aliwaacha mjomba na Suti mikononi mwa wenzake waliokuwa wakiingia getini, akatembea hadi garini, akawasha injini, akashuka bondeni kwa mama yake.