Nafasi Kwenye Boneti

Giza lilikuwa linaanza kuingia bonde la Española Nazaria alipobeba ndoo ya maji ya sabuni kwenda gereji, kumalizia kazi iliyopaswa kuwa imekwisha juzi. Gari aina ya Impala, jekundu, lilimsubiri. Upande wa kulia wa boneti kaka yake Filiberto alitabasamu chini ya kofia yake, amechorwa vizuri mpaka unatamani kumwomba sigara. Filiberto alikufa mwaka jana barabarani. Kesho ilikuwa misa yake ya mwaka, na mdogo wao Eliseo ndiye angeendesha gari hilo mbele ya msafara wa familia.

Nazaria hakuwa mchoraji. Mchoraji akishaondoka, yeye ndiye anayepulizia vanishi, anaiacha ikauke, anaisugua kwa msasa laini na maji, anapulizia tena, mpaka ukingo wa picha uzame kabisa. Macho hayaaminiki katika kazi hiyo. Unayafumba, unapitisha vidole, na vikikwama popote unaanza upya.

Vilikwama.

Tena si kwenye picha. Vilikwama kushoto, pale patupu ambapo mchoraji hakugusa. Nazaria alikuwa amepasugua pale mpaka mabega yakafa ganzi. Alilaumu vumbi, akalaumu vanishi, akamlaumu mchoraji wa watu ambaye hakujua hili wala lile. Kila asubuhi mstari ulikuwa umerudi. Hauonekani, lakini kidole kinaukuta. Hasira ikamkaba, akakitupa kibao cha msasa ukutani.

Halafu akakiokota, maana misa isingemngoja.

Safari hii hakusugua. Alifumba macho akaufuata mstari, taratibu... Ukapanda, ukapinda, ukashuka. Taya hilo. Akaendelea... Mdomo. Pua iliyovunjika katikati, ikaungana vibaya.

Akatoa mkono.

Pua ile aliijua. Ilikuwa ya Eliseo; Nazaria mwenyewe ndiye aliyeivunja kwa mlango wa friji, wakati Eliseo bado mtoto.

Jirani alikuwa anachoma pilipili, na gereji nzima ilinuka moshi wake. Lakini chini ya moshi kulikuwa na harufu nyingine... Mafuta ya nywele. Yale ya Filiberto.

Mama yao, Eufelia, aliingia na bakuli la posole, mchuzi wa mahindi na nyama. Nazaria hakuligusa. Alimuuliza kwa nini mchoraji aliacha nafasi pale.

"Nilimwomba mimi," mama akanong'ona. "Pale ni pangu. Sikutaka mwanangu akae peke yake. Kila jioni nakuja namwambia, njoo umchukue wa kukaa naye."

"Ulimtajia jina?"

"Mama anajitaja jina kwa mwanawe?"

Nazaria akampigia Eliseo simu, akamsihi asiendeshe kesho. Eliseo alicheka sana.

"Dada, hiyo vanishi umeivuta kupita kiasi. Toka nje upunge upepo."

Akasema hawezi kumwachia mtu mwingine aendeshe gari lililochorwa kaka yake, akakata simu. Nazaria aliiweka simu chini. Kisha akachukua msasa mkavu, ule mkali wa kukwangua rangi, akauweka juu ya uso wa Filiberto.

Mama akamdaka mkono. "Ukimfuta unamzika mara ya pili."

"Nimebakiwa na kaka mmoja, Mama."

Alisugua. Kofia ikaondoka, macho yakaondoka. Tabasamu lilikataa... likakataa... likaondoka. Mama alitoka. Nazaria akapaka rangi nyekundu boneti nzima, akapulizia vanishi, akawasha taa za kukaushia.

Asubuhi alifumba macho akapitisha mkono. Uliteleza, kutoka kioo cha mbele mpaka taa, kushoto na kulia. Akalia kwa faraja, huku akijua mama yake hatamsamehe upesi.

Eliseo alipoiona boneti alinuna, lakini aliendesha. Nje ya kanisa magari ya binamu yalikuwa yamejipanga nyuma yake, injini zinanguruma, na watoto wawili wa Filiberto walikuwa wameshapanda kiti cha nyuma. Mama akaja na shela yake nyeusi. Aliweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo kwa muda.

"Umefuta sura, mwanangu," alisema polepole. "Yeye hujamfuta. Na sasa nafasi imekuwa kubwa."

Nazaria akaweka viganja vyote viwili. Laini. Laini...

Kidole cha kushoto kikakwama. Halafu cha kulia.

Shavu la mviringo. Dogo. Na jingine kando yake, dogo zaidi, lenye kishimo.

Ndani ya gari watoto walikuwa wanacheka. Eliseo akapiga honi, akamwashiria apishe, watu wanasubiri.

"Washushe watoto," Nazaria alisema.

Hakupisha. Alikaza miguu mbele ya gari, viganja juu ya boneti, na injini ikaanza kupanda mlio. Alitaka kumtukana Eliseo aache mchezo. Lakini nyuma ya kioo Eliseo alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu na kuvuta miguu yake kitini, kumwonyesha kwamba hagusi kitu.