Tope Kwenye Kwato za Ntwari

Hajazaliwa mnyama wa kumtisha Inspekta Haidar. Alilisema hilo mwenyewe, garini, wakiyapita maghala ya Wetherill Park, magharibi mwa Sydney, na Konstebo Ikirezi aliyeshika usukani akalipokea kwa adabu zote za mtu mdogo kazini.

"Nimekulia Tanga mimi," Haidar akaongeza. "Punda, ng'ombe, mbwa wa mitaani, wote nawajua. Farasi ni punda aliyebahatika tu."

"Sawa, afande," Ikirezi akasema, na kukata kona kuingia kwenye mazizi ya Abigail.

Hapo walifundishwa farasi wa mashindano ya namna tatu: kwanza kutembea kwa madaha kama bwana harusi, kisha kukimbia nyikani wakiruka magogo na madimbwi, mwisho kuruka vizuizi uwanjani. Mashindano yalikuwa siku hiyohiyo mchana. Na farasi bora wa mazizi, Ntwari, alikuwa amesimama zizini kichwa kikining'inia karibu na magoti, mdomo wa chini umelegea, udenda ukidondokea majani.

"Kalewa?" Ikirezi akauliza.

"Kalishwa dawa ya kutuliza," Abigail akajibu. Alikuwa mama mrefu, uso umebabuliwa na jua la miaka ya kufundisha farasi. "Daktari wa wanyama ameshamwona. Kesho atakuwa mzima, lakini leo hashindani. Na aliyefanya hivi simtafuti mbali."

Akaelekeza kidevu kwa mtunza farasi, mtu mzima aliyekuwa akisugua ndoo.

"Kabati la dawa lina funguo mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Bizimana. Nimeshamwambia afungashe."

Begi la Bizimana lilikuwa chini, mlangoni, limefungwa tayari. Alitoka Burundi, akapitia kambi za Kigoma, akazunguka viwanda vya Sydney kimoja baada ya kingine. Hii ndiyo kazi ya kwanza iliyomfanya aamke akipiga mluzi. Leo hakupiga.

"Ufunguo wako ulikuwa wapi jana?" Haidar akaanza.

"Ndani ya koti, chef," Bizimana akajibu; kwao Burundi kila mkubwa ni "chef".

"Na koti?"

"Kwenye msumari, pale."

"Na wewe?"

"Nilipeleka nyasi kule nyuma."

"Nani alilisogelea koti?"

"Watu wote wanapita pale."

"Ulimpa farasi dawa?"

"Huyu nilimpa jina, chef. Ntwari, ni kusema shujaa. Dawa, hapana."

Pembeni alisimama mpanda farasi mwenyewe, Darlène, msichana wa mtaa wa Fairfield, tayari kavaa mabuti na koti la mashindano. Macho yake yalikuwa mekundu.

Haidar aliliona bomba la dawa, lisilo na sindano, limeangukia zizi la jirani. Akavaa glavu, akaingia, akainama kuokota kielelezo. Farasi jike mweusi wa zizi hilo akanyoosha shingo, akamwekea pua kisogoni, akapumua.

Kilichofuata kilikwenda haraka kuliko kinavyosimuliwa. Inspekta alikuwa juu ya ukuta wa mbao unaotenganisha mazizi, tai imelala begani, majani yamejaa suruali. Ikirezi akatazama paa. Bizimana akaichunguza ndoo yake kana kwamba ndiyo mshukiwa. Darlène peke yake ndiye aliyemtazama usoni, tena bila kucheka.

"Huku juu eneo linaonekana vizuri," Haidar akasema.

"Una bahati ukuta upo," Darlène akasema polepole.

Bizimana akaingia kumtuliza yule jike, akamwinua mguu. Kutoka juu, Haidar akaona vidoti vyeupe kwenye chuma cha kwato.

"Hivyo vyeupe ni nini?"

"Pamba yenye mafuta," Abigail akajibu. "Viatu vyao vina mashimo. Kabla ya mbio tunaskurubu meno ya chuma, kama njumu za wacheza mpira, wasiteleze. Jioni ya kuamkia mashindano mashimo husafishwa na kuzibwa, tope lisiingie. Na kila mpanda farasi huziba ya farasi wake mwenyewe. Ndiyo sheria ya hapa. Akianguka, asimlaumu mtu."

Haidar akavitazama tena vile vidoti.

"Mzee Bizimana, niinulie kwato za wote wanaoshindana leo."

Wa kwanza, pamba. Wa pili, pamba. Alipofika kwa Ntwari, Bizimana akasita.

"Huyu mgonjwa, chef. Tumwache apumzike."

"Inua."

Bizimana akamtazama Darlène, kisha akainua. Mashimo yalikuwa yamejaa tope, limekauka kama saruji.

Haidar akashuka, upande usio na farasi.

"Ulijua," akamwambia Bizimana.

"Niliona asubuhi. Huyu binti ni mtoto wetu."

"Na kazi yako?"

Bizimana akaupapasa mguu wa Ntwari. Akaishusha kwato taratibu.

Haidar akamgeukia Darlène.

"Jana ulimwosha?"

"Ndiyo."

"Nywele za shingo ukamsuka?"

"Nikamsuka."

"Mashimo?"

"Nilisahau."

"Umewahi kusahau kabla ya jana?"

Darlène akazitazama kwato za Ntwari.

"Hukusahau," Haidar akasema. "Uliyafanya yote yanayoonekana. Hili la chini, mkono wako ulikataa, maana ulijua huyu hakimbii."

Darlène akavua kofia ngumu, akaikumbatia.

"Mashindano yaliyopita tulianguka dimbwini. Alinilalia, maji yakanifunika. Nikatoka nacheka, watu wakapiga makofi. Tangu siku ile nikiona gogo mikono inakufa ganzi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Baba amekodi basi. Kanisa zima limeshona kitenge sare. Wako njiani, wanaimba. Niwaambie naogopa maji yasiyofika kiunoni? Nikaona farasi akiugua, hakuna wa kuona aibu."

"Na huyu mzee anayekuita mtoto?"

Hapo ndipo machozi yalipotoka. "Nilitoa ufunguo kwenye koti lake na wala sikumfikiria. Hilo ndilo baya zaidi."

Abigail akaenda mlangoni. Akaliokota begi la Bizimana, akalitundika kwenye msumari, juu ya koti. Kisha akamwomba radhi, mbele ya wote. Bizimana akaitikia kwa kichwa, lakini mluzi haukurudi.

Garini, Darlène akakaa nyuma, kabla ya kwenda kituoni kuandikisha maelezo. Ikirezi alikuwa na kompyuta mapajani.

"Andika," Haidar akasema. "Afisa alipanda ukuta ili kupata mwonekano mpana wa eneo la tukio."

Vidole vya Ikirezi vikasimama hewani.

"Si kweli," sauti ikatoka nyuma. "Alipanda kwa sababu aliogopa. Mimi shahidi, nilimwona."

Ikirezi akatazama kioo cha mbele. Getini, basi likakata kona, vitenge vya kijani vimejaa madirishani, nyimbo zikilitangulia. Darlène akashika kitasa kilichofungwa.

"Nikamwambie Baba mwenyewe, afande. Kabla hajashuka na maua ya kunipongeza."

Haidar akalitazama basi. Akajikung'uta jani la mwisho gotini.

"Konstebo, mfungulie, umsindikize. Na ile sentensi uifute."

"Niandike nini badala yake, afande?"

"Alivyosema shahidi."