Maji Moto Kabla ya Mama

Nisikilizeni, ndugu zangu wa Palma, na ninyi wa Pundanhar mliokuja sokoni. Haya ninayowaambia hayakumkuta mtu mbaya. Zubeida binti Atija mnamjua: anapika kwenye kambi ya wafanyakazi wa gesi, ana adabu zake, hajui kupita nyumba ya mtu bila kusalimu. Ndiyo maana yameniuma.

Asubuhi hiyo alikuwa Tanzania, huko Rufiji, kwenye kimgahawa cha kando ya barabara, yeye na mumewe Anuar na shoga yake Jéssica. Chai ya tangawizi, chapati za moto, vicheko. Tangu vita viingie Palma, Zubeida hakuwahi kupata ferias, likizo ya kazi, akakaa kitako akapikiwa na mtu mwingine. Aliona raha, na nani angemlaumu?

Safari yenyewe ilikuwa ya kumfuata mama. Siku Palma ilipovamiwa, mama na mtoto walipotezana kwenye mbio. Bi Atija alivushwa mto Ruvuma na jirani yao Zuleica, wakaenda wakatulia kijiji kimoja cha huko Rufiji kwa ndugu zake Zuleica. Miaka ikapita. Kila mwaka Zubeida alisema mwaka huu namfuata, na kila mwaka likatokea jambo. Sasa kifua cha bibi kilikuwa kinabana, miguu imevimba, na neno lake lilikuwa moja tu: anataka kufia kwao. Kutoka kwenye ule mgahawa hadi alipo, ilibaki saa moja ya gari.

Basi muuza chai akawasimulia habari za chemchemi ya maji moto iliyoko porini hapo jirani, kwamba watu wanaoga na maungo yanapona. Jéssica akadakia, hatuwezi kupita hapa bila kuoga, lini tena tutakuja nchi za watu? Anuar akasema tumfikie mama kwanza, tutarudi naye. Zubeida akasita. Alijua akishafika kwa mama hatatoka tena. Kutakuwa na vilio, mizigo, dawa. Akajisemea moyoni, nusu siku tu, kwani nini? Hapo ndipo simu ilipolia.

"Mmefika wapi, mwanangu?"

Jamani, ukweli ulikuwa mdogo tu: tupo hapa karibu, tunapita kuoga, jioni tutafika. Aliona haya kuusema.

"Bado tupo fronteira, hapa mpakani, mama. Wamezuia makaratasi yetu. Labda kesho."

"Usibishane nao. Waambie taratibu. Mimi mzigo wangu nimeshaufunga, nakungoja."

Anuar alimtazama mkewe, kisha akainamia chai yake. Naye ana sehemu yake katika jambo hili, kwa kunyamaza.

Wakaoga. Siwezi kuwadanganya, palikuwa pazuri. Maji yanatoka kwenye mawe yanafuka mvuke, yananuka kama mayai viza, lakini ukishatumbukia mwili wote unalegea. Zubeida alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mtandao hapakuwa nao, na simu yake ikaisha chaji kwa kupiga mapicha. Kabla ya kuondoka alijaza maji dumu zima, akasema atamkanda mama miguu. Alimpenda mama yake. Msije mkasema hakumpenda.

Wakaondoka jua limeshainama. Njia nzima Zubeida alipanga namna atakavyomfurahisha mama, amwambie kumbe wametuachia leo leo. Walipoingia kijijini wakapishana na wanaume waliotoka makaburini, majembe begani, miguu ina udongo mbichi. Anuar akapunguza mwendo akawapa pole. Zubeida akasema maskini, kuna watu wamefiwa. Mara gari likasimama mbele ya nyumba ya Zuleica, na pale uani palikuwa na majamvi na wanawake waliojitanda kanga.

Zuleica alimkumbatia, wakalia pamoja. Kisha akamwachia taratibu, akamtazama nywele zake mbichi. Ile harufu watu wa pale wanaijua.

"Mmeoga maji moto," akasema.

Zubeida akavuta kanga akafunika nywele.

"Mama yako alikata roho kabla ya adhuhuri. Tulikupigia, hupatikani. Watu wakauliza, tumsubiri mtoto? Mimi ndiye niliyewaambia yupo fronteira, amezuiwa, hatafika leo. Na maiti hacheleweshwi. Ningejua upo hapo jirani, Zubeida, tungekungoja. Ungemwosha mwenyewe."

Akamweleza na mengine, wala si kwa kumsuta. Bibi alipozidiwa aliwakataza wasimpigie mtoto simu, akisema ana shida zake na wakubwa wa mpakani. Na kabla hajatamka shahada, dua yake ya mwisho ilikuwa Mungu amfungulie mwanawe njia. Zubeida akaanguka jamvini. Alilia kilio ambacho hata wanawake waliozoea misiba walishindwa kukituliza. Dumu lilibaki garini, maji yamepoa.

Matanga yalipoanuliwa walirudi. Wakafika fronteira, Zubeida amepakata mzigo wa mama yake: kanga, msala, na viatu vipya ambavyo bibi alikuwa hajavivaa, ameviweka avivalie Palma. Ofisa akauliza mzigo ule ni wa nani. Akajibu, wa mama yangu. Yule bwana akagonga mihuri, akawatakia safari njema, akawafungulia kizuizi. Hawakuzuiwa hata kidogo.

Funzo

Simkatazi mtu kustarehe. Maji moto yapo, nenda ukaoge. Lakini kama kuna mzee anayekungoja, mfikie kwanza yeye; chemchemi haifi, mzee anakufa. Na ukichelewa, sema umechelewa kwa sababu gani, hata kama utaona haya. Wanaotupenda wanaushika uongo wetu kwa mikono miwili, wanapanga mambo yao juu yake, na wakati mwingine wanazikwa juu yake. Mama huyu aliamini neno la mwanawe mpaka pumzi ya mwisho. Kama una mama, mpigie leo, umwambie ulipo kweli.