Ncha Ingine ya Kamba

"Ndiyo. Ni kweli, nilimufunga kamba."

Ni Mama yangu alisema hivyo, amesimama mbele ya wamama wote wa kanisa yetu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, mikono nyuma, kitambaa ya kichwa imelegea upande moja.

Mimi nilikuwa bench ya mwisho. Na maneno yenye walikuwa wanamusomea... yalikuwa ya kwangu.

Wasomaji, leo musinipe pole. Someni tu mupaka mwisho, kisha munitukane kama munataka.

Munakumbuka posti yangu ya mwezi uliopita? "Alinifunga Kamba Kama Mbuzi." Ile yenye niliweka picha ya muguu yangu, na kovu inazunguka juu ya kifundo. Watu elfu ine waliipenda. Dada mumoja wa Lubumbashi aliandika amelia mupaka akachelewa kazi. Mwingine akasema huyo mwanamuke atafutwe.

Bon. Wamemupata.

Mbele ya ile posti nilikuwa naandika simulizi za mapenzi. Nilikuwa napata laiki kumi na mbili, na tatu kati yao ni mie mwenyewe na telefone ya jirani. Kuandika ndiyo kitu pekee chenye najua, nilitaka tu watu wanisome. Siku moja nikaangalia muguu yangu nikasema, tiens, simulizi iko hapa.

Nikaandika vile Mama Pierrette, mwenye kunilea kisha mama mwenye kunizaa kufa, alikuwa ananifunga kamba kwa muguu pale mwambaoni kwa ziwa, mimi na miaka mine, jua kali, yeye anaanika chisense yake, ile samaki kidogo-kidogo yenye tunakausha kwa muchanga. Niliandika vile nilikuwa nalia na hanifungui. Halafu mwisho nikatia mustari moja ya kuchoma:

"Na leo huyu mwanamuke anafundisha watoto wa watu neno la Mungu."

Franchement, ule mustari ndio ulibeba posti yote. Na ulikuwa kweli. Mama amefundisha ekodim, ile darasa ya watoto ya jumapili, siku ya Mungu, miaka kumi na moja. Watoto wa hapa wanamuitia jina barabarani. Kitu kingine cha kujivunia hana.

Sasa alhamisi, Bana Chomba, mukubwa wa wamama, akasimama na telefone yake. Yeye ni Mubemba, Swahili yake ni ya soko. Alikuwa anasoma sentensi moja, anaigeuza kwa Kibemba, anasoma ingine. Kwa Kibemba, mu kanisa, maneno yangu yalikuwa mazito kuliko vile niliyaandika nikilala kitandani.

"Ba Pierrette, huyu mwanamuke ni weye?"

"Ni mie."

"Na mutoto ni Chouchou?"

"Ni yeye."

"Ulimufunga?"

Hapo ndipo alisema ile yenye nimewaambia pale juu.

"Juu ya nini? Sababu gani?"

Mama akaangalia chini, kwa zile soksi ndefu zenye anavaa kila siku hata jua ikiwa kali. Kisha akainua kichwa, akaniona pale nyuma.

Nilijua atasema. Nilijua atawaambia ncha ingine ya kamba ilikuwa wapi. Mimi nilikuwa najua. Hata wakati naandika nilikuwa najua.

Ilikuwa imefungwa kwa muguu yake.

Ndiyo, wasomaji. Kamba moja, miguu ya watu wawili. Akienda kugeuza chisense, nami naenda. Nikichoka nikikaa, naye anakaa. Hiyo niliiandika kabisa mara ya kwanza. Nikaisoma, nikaona haitaliza mutu... nikaifuta. Kidole moja tu.

"Sina neno," Mama akasema. "Mutoto wangu si mwongo."

Mutoto wangu si mwongo.

Bana Chomba akapumua. Akasema basi, watoto tutawapa mutu mwingine. Mama akafungua fundo ya kitenge chake, akatoa ufunguo wa kabati ya ekodim, akaiweka juu ya meza. Hakuna mutu alimuambia aiweke.

Na mie nilikuwa na ulimi. Wamama walikuwa wanageuka kuniangalia na huruma, na nitawaambia ukweli hata kama ni mubaya: ile huruma ilikuwa tamu. Nikabaki nayo kimya.

Mama alipopita karibu na bench yangu akanishika bega.

"Umekula?"

Hiyo tu.

Kesho yake asubuhi nilimufuata mwambaoni. Alikuwa anatandaza chisense vile kila siku. Nikapiga magoti mu muchanga nikamuambia yote, hata ile ya kufuta.

"Najua," akasema. "Agness jirani alinisomea ile posti siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Nilimuomba anisomee mara ya pili. Unaandika muzuri, Chouchou."

Wasomaji, kama angenipiga ningesikia raha.

"Mama, juu ya nini hukuwaambia ncha ingine ilikuwa wapi?"

"Wangeuliza juu ya nini nilikufunga."

"Na juu ya nini ulinifunga?"

Akaendelea kutoa majani kati ya samaki, moja moja.

"Mama mwenye kukuzaa hakufa na malaria," akasema. "Hiyo nilikudanganya. Siku tulikimbia bunduki kule Kilwa ya Congo, mutumbwi ulijaa watu, ukapinduka tukiwa tunaona mwambao ya huku. Mukono yangu moja ilishika mutumbwi. Ingine ilikuwa ya mutu mumoja tu. Mama yako akakusukuma kwangu."

Nikageuka nikaangalia maji.

"Tulipofika hapa, kila asubuhi ulikuwa unaingia mu maji unamuita. Mara ya tatu nilikutoa umeisha kumeza maji mingi, macho imegeuka. Nilikuwa sina mutu wa kukuchunga, na chisense inataka mikono yote mbili. Ndipo nikachukua kamba. Sasa, ningewaambia wale wamama hayo yote weye umekaa pale unasikia? Ya mama yako uyasikie mbele ya watu?"

Alikubali kuitwa mwanamuke mubaya, apoteze watoto wake wa ekodim, ili mie nisiumie bench ya nyuma. Na mie pale bench ya nyuma nilikuwa naonja huruma. Ile aibu yenye nilisikia siku ile sitaiandika vizuri, hata mukinipa laiki milioni.

Siku ya Mungu nilisimama mu kanisa, nikasoma ile yenye nilifuta. Nilisema mie ndiye mwongo. Bana Chomba alikuja akapiga magoti mbele ya Mama, akamurudishia ufunguo na mikono mbili. Mama akaupokea, akaufunga tena mu kitenge.

Lakini mbele ya hii, darasa yake ilikuwa na watoto makumi tatu. Jana walikuja kumi na saba. Wazazi wengine wamesoma posti ya kwanza, ya pili hawataisoma. Maji ikimwagika haizoleki. Anawafundisha wale kumi na saba, na anaacha mulango wazi.

Ile posti nimeifuta. Mutu akikuonyesha kamba yenye ilimufunga, muulize kwanza ncha ingine iko wapi, kisha ndipo umulilie. Na weye mwenye kuandika kama mie, ile mustari yenye unafuta kwa sababu haikupi laiki, angalia vizuri... pengine ni mutu unafuta.

Picha ya leo si muguu yangu. Ni ya Mama. Nilimuomba, akakataa, nikamuomba tena, mwisho akavuta soksi polepole akaangalia upande ingine. Ikuzeni muone. Kovu yake ni nene kuliko yangu, imeingia karibu na mufupa.

Mwenye alikuwa anavuta kamba ni mie.