Kikohozi cha Mbwa wa Fundi Saa

Kila asubuhi, baada ya chai, fundi saa alivuka ua na kuingia katika chumba chake cha kazi. Mbwa wake alimfuata nyuma. Mbwa huyo aliitwa Kijana. Jina alipewa akiwa mdogo, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na mvi mdomoni. Watoto wa nyumba hiyo walikwisha kuoa na kuolewa. Kijana alibaki, kazi yake kulala chini ya meza ya fundi.

Fundi alifunga mlango. Akafunga na dirisha. "Upepo ukiingia, skrubu zinapotea," aliwaambia watu wote. Ni kweli. Skrubu ya saa ni ndogo kama punje ya ulezi. Ukipiga chafya, imekwenda. Kwa hiyo hakuna aliyeingia mle, hata mke wake. Akileta chai aligonga mlango, akaiacha kizingitini.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Fundi alivuta sigara mle ndani. Miaka mitatu nyuma aliapa mbele ya mkewe kwamba ameacha. Aliacha wiki tano. Kisha akavuta moja, moja ikaita ya pili. Sasa alivuta saba kwa siku, na dirisha limefungwa. Petroli ya kuoshea vyuma vya saa ilinuka kuliko sigara, ikamfichia siri yake. Mkewe alisema tu, "Baba watoto, unanuka kama gari bovu," wakacheka wote wawili.

Kilichomchoma fundi ni sifa. Mkewe alimsifu kila mahali. "Mume wangu alitupa sigara siku moja tu, hakugeuka nyuma!" Hata mdogo wake wa kiume, mvutaji wa kutupwa, aliambiwa, "Mwige shemeji yako." Akaiga kweli. Alikuwa na mwaka na nusu hajavuta. Kila alipokutana na fundi alimshika mkono kwa mikono miwili. "Shemeji, umeniokoa," alisema. Fundi aliinamisha macho akatazama viatu vyake.

Basi Kijana akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kisha akawa anahema hata akiwa amelala.

"Ni uzee," alisema fundi.

"Labda ni baridi," alisema mkewe, akamfunika blanketi kuukuu.

Kila mtu alikisia. Fundi naye alikuwa na dhana yake moja, ila hiyo hakuitoa mdomoni.

Jumamosi moja mchana, Kijana alitoka getini kuja barazani. Hatua ishirini tu. Alianguka njiani. Mbavu zilimpanda na kushuka, na ulimi ulikuwa na rangi ya buluu. Mke wa fundi akampigia simu mdogo wake. Alikuja na pikapu yake mbio, wakampeleka kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyevaa buti za mpira. Kwanza alimwekea mbwa hewa safi ya mtungi puani. Alipotulia kidogo, akaanza maswali.

"Akiwa usingizini, anapumua mara ngapi kwa dakika?"

Fundi na mkewe wakatazamana. "Hatujui," alisema fundi.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Natengeneza saa."

Shemeji alishindwa kujizuia. "Nyumba imejaa saa, na dakika moja ya mbwa imekosekana!"

Daktari akatabasamu. "Ni rahisi. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima, akiwa amelala usingizi. Mbwa mzima hazidi thelathini. Akizidi tena na tena, mlete. Na ulimi au ufizi ukiwa wa buluu kama leo, usingoje kabisa."

Akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Moyo ni mzuri. Lakini mapafu yanapiga mluzi. Kuna kitu kinachoma njia zake za hewa. Nyumbani mnapikia nini?"

"Gesi," alijibu mke.

"Kuna anayevuta sigara?"

Mke akacheka. "Daktari, hapo umekosea nyumba! Huyu aliacha miaka mitatu iliyopita. Na huyu mdogo wangu ameacha kwa kumfuata yeye."

Shemeji akamwekea fundi mkono begani. Fundi alisikia masikio yanawaka moto. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Akainama, akampapasa Kijana kichwani.

Daktari akaandika katika fomu: Moshi, hakuna.

"Basi chanzo sikijui," alisema. "Itabidi nimlaze kwa nusukaputi. Nitaingiza mrija katika njia ya hewa, nichukue majimaji ya kupima. Siwafichi. Kwa umri wake na pumzi hizi, anaweza asiamke. Mzee, tia sahihi hapa."

Fundi akashika kalamu. Alisoma yale maneno mawili: Moshi, hakuna. Akamtazama Kijana juu ya meza. Aliona aibu kiasi kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini aliona pia kwamba mbwa huyu angeweza kufa ili yeye aendelee kusifiwa.

"Daktari, futa hapo."

"Wapi?"

"Kwenye moshi. Navuta mimi. Sigara saba kwa siku, chumbani, dirisha limefungwa. Naye hulala miguuni pangu."

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Fundi alijivua mwenyewe, mbele ya watu, na pa kuchutama hapakuwepo. Shemeji aliuondoa mkono wake begani. Mke aliwapa mgongo, akatazama ukutani. Fundi aliona afadhali angepiga kelele.

"Kwa muda gani?" aliuliza daktari.

"Karibu miaka mitatu."

"Na hiyo petroli inayonuka mikononi?"

"Naoshea vyuma, humo humo."

"Sigara na petroli chumba kimoja! Mzee, unataka kuulipua mtaa?"

Kisha akapunguza sauti. "Sikiliza. Moshi hauishi sigara inapozimika. Masizi yake hutua sakafuni na kwenye manyoya. Mbwa analala hapo, halafu anajilamba. Anauvuta na kuula. Hata mtu asiyevuta huumia hivyo hivyo akikaa ndani ya moshi."

"Kwa hiyo ni moshi tu?" aliuliza mke. Hakumtazama mumewe.

"Sisemi ni moshi peke yake. Kijana ni mzee, tena mnene, na ukanda huu wa shingoni unambana koo. Lakini sasa nina pa kuanzia. Mrija tuuache kwanza. Nitampa dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa. Asiingie tena chumba kile. Apunguziwe chakula kidogo. Mfungeni ukanda wa kifuani, si wa shingoni. Atembee polepole wakati jua limepoa. Na msimpe dawa za kikohozi za watu, zinaweza kumuua."

Akamgeukia fundi. "Umechelewa kusema. Lakini umesema kabla sijashika sindano."

Waliporudi nyumbani, shemeji alizima gari getini.

"Kumbe mimi niliacha kwa kufuata uongo?"

"Uongo ulikuwa wangu," alisema fundi. "Kuacha kwako ni kweli. Leo ni zamu yangu kukuiga wewe."

Kesho yake dirisha lilifunguliwa. Mke aliingia chumbani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alipitisha kitambaa chenye maji ukutani, kikatoka na rangi ya chai ya rangi. Akamwonyesha mumewe, kisha akaendelea kusugua. Fundi alichukua kitambaa cha pili, akaanza ukuta wa upande wa pili.

Skrubu hazikupotea. Alizitia katika kisanduku chenye kifuniko cha kioo. Petroli ilihamia uani. Alikwenda pia kituo cha afya, wakamfundisha namna ya kuishinda hamu ya sigara. Kijana alihamia barazani. Kila mchana, akilala usingizi, fundi alihesabu pumzi na kuandika: thelathini na nane, thelathini na tatu. Baada ya wiki mbili zilifika ishirini na saba. Daktari aliposikia alifurahi, akapunguza dawa. Kijana alianza tena kwenda hadi getini na kurudi bila kuanguka.

Siku ya kumi na tisa tangu aache sigara, fundi alikwenda kununua betri za saa. Rafiki wa zamani akampa sigara. Alivuta nusu, akaitupa. Njia nzima alitembea kwa aibu. Angeweza kusukutua mdomo na kunyamaza. Alimkuta mkewe uani anachambua maharage.

"Mama watoto, leo nimevuta nusu. Kule dukani."

Mke aliendelea kuchambua. Alitupa mawe mawili pembeni. Kisha akainua uso na kumtazama, tangu siku ile ya daktari hajamtazama hivyo.

"Safari ile niliambiwa na mapafu ya mbwa," alisema. "Leo nimeambiwa na mume wangu. Kanawe mikono, ubadilishe na shati, ndipo umguse Kijana."

Fundi akaenda kunawa.